MKONO ULIOVIMBA SI MKONO ULIOROGWA
Somo kuhusu uvimbe wa limfu na upasuaji wake

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Mwaka nenda mwaka rudi, gazeti letu limetuletea hadithi, mashairi, vitendawili na insha za methali. Mwaka huu nimeonelea nikuletee somo kuhusu mwili wa binadamu. Najua kuna watakaouliza, "Kwani hiyo si kazi ya Chama cha Sayansi?" Jibu langu ni kwamba mgonjwa anapolia, halii kwa Kiingereza. Ikiwa Kiswahili chetu kinaweza kuusifu mwezi na kuomboleza wafu, basi kinaweza pia kumweleza mama yetu kwa nini mkono wake umevimba.

Ninakusudia kueleza uvimbe wa mkono unaowapata baadhi ya wanawake waliotibiwa saratani ya titi. Madaktari huuita limfedema. Mimi nitauita uvimbe wa limfu. Tutatazama unatoka wapi, upasuaji unaweza kufanya nini na hauwezi kufanya nini, na kwa nini kuchelewa ni hatari. Saratani ya titi ndiyo saratani inayogunduliwa kwa wingi zaidi kwa wanawake wa Kenya. Kwa hivyo, somo hili si la watu wa mbali. Huenda linamhusu jirani yako, mwalimu wako au mama yako mzazi.

1. NJIA YA MAJI MWILINI

Wale waliosoma biolojia ya Kidato cha Pili watakumbuka mada ya usafirishaji katika wanyama. Damu hutoka moyoni kwa ateri, hufika kwenye kapilari, kisha hurudi moyoni kwa vena. Damu inapopita kwenye kapilari, maji kiasi huvuja nje pamoja na protini chache, yakaziogesha seli. Mengi ya maji hayo hurudi katika damu. Yanayobaki hukusanywa na vijifereji vyembamba sana. Yakishaingia humo huitwa limfu. Kwa mtu mzima mwenye afya, limfu inayorudishwa katika damu kwa siku ni kama lita 2 hadi 4.

Vijifereji hivi havina moyo wa kuvisukuma. Kuta zake hujibana zenyewe, na pia husaidiwa na misuli tunapotembea, tunapolima au tunapopumua. Ndani yake mna vali zinazozuia limfu kurudi nyuma. Njiani kuna vituo vya ukaguzi vinavyoitwa tezi za limfu, ambamo vijidudu hunaswa na kuuawa. Bila shaka umewahi kuumia mguu, kisha ukapata mtoki kwenye kinena. Mtoki huo ni tezi ya limfu iliyofura ikipigana vita.

Limfu ya mkono hupitia tezi za kwapani. Kwapa moja lina tezi kama 20 hadi 40. Kutoka hapo limfu hupanda na kumwagika katika vena kubwa iliyo karibu na mtulinga. Wazungu walianza kuvijua vijifereji hivi baada ya mwaka wa 1622, Gaspare Aselli wa Italia alipoviona tumboni mwa mbwa. Mwaka wa 1653, Thomas Bartholin wa Denmark akavipa jina la limfu.

2. KWA NINI MKONO HUVIMBA

Saratani ya titi ikitaka kusafiri, mara nyingi hupitia kwapani kwanza. Ndiyo maana mpasuaji huziondoa tezi za huko, na pengine mionzi huelekezwa hapo ili kuua mbegu za ugonjwa zilizobaki. Kazi hiyo huokoa maisha, lakini ile njia ya limfu hubaki imekatwa au imejaa makovu.

Sisi wa Nakuru tuna mfano mzuri. Ziwa Nakuru hupokea maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit. Je, ni mto gani unaotoka katika Ziwa Nakuru? Hakuna hata mmoja! Maji huondoka kwa kukaushwa na jua tu. Basi tangu mwaka wa 2010 hivi, maji yalipozidi kuingia kuliko yanavyokauka, ziwa lilipanda, likameza lango kuu la mbuga na kuzihamisha familia za Mwariki na Barut. Hakuna aliyeliroga. Ni hesabu tu ya maji yanayoingia na yanayotoka.

Mkono uliopoteza njia zake hufuata hesabu hiyo hiyo. Damu huendelea kuleta maji, nayo njia ya limfu imeziba. Tena protini zilizokwama huvuta maji mengine. Ndiyo maana vidonge vya kukojoza havitibu uvimbe huu. Vinaweza kupunguza maji, lakini protini hubaki pale pale, na maji hurudi.

Si kila mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi hupatwa na uvimbe huu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2013, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba tezi za kwapani zikiondolewa kwa wingi, wanawake kama 20 kati ya kila 100 huvimba mkono. Tezi chache tu zikichukuliwa ili kupimwa, idadi hushuka hadi kama 6 kati ya 100. Uvimbe unaweza kuanza baada ya miezi michache, na unaweza pia kungoja miaka.

3. TATIZO LA JINA

Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Mtu wa kwetu akiona mkono au mguu umefura, husema mara moja, "Hayo ni matende." Jina hilo si kosa, lakini linachanganya mambo mawili.

Matende ya pwani huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa katika vijifereji vya limfu na kuviharibu. Zanzibar ilianza kuwagawia watu wote dawa za kuizuia mwaka wa 2001, nayo Kenya ilianza mwaka wa 2002 huko Kilifi. Hiyo ni vita nyingine, na inaendelea vizuri.

Mwanamke wa Njoro au Subukia aliyevimba mkono baada ya kuondolewa titi hana minyoo hiyo. Haambukizi mtu. Anaweza kupika, kubeba mtoto na kusalimiana kwa mkono bila kumdhuru yeyote. Lakini akiitwa "mwenye matende", watu huanza kumkwepa kanisani na sokoni. Wengine humwambia ametupiwa jini au amekanyaga uchawi. Mwishowe hupelekwa kwa mganga, naye humchanja mkono kwa wembe ili "damu mbaya" itoke. Jameni, hilo ni jambo la hatari sana! Mkono wenye uvimbe wa limfu hauna walinzi wa kutosha. Kidonda kidogo tu huweza kuingiza bakteria, mkono ukawa mwekundu, wa moto, wenye maumivu, na homa ikapanda. Kila maambukizi ya aina hiyo huviharibu vijifereji vilivyobaki, na uvimbe huongezeka.

4. HATUA ZA UVIMBE

Wataalamu hugawa uvimbe huu katika hatua nne, wakianzia sifuri:

(a) Hatua ya sifuri: Mkono hauonekani umevimba, lakini mwenyewe huuhisi mzito. Pete au bangili huanza kubana.

(b) Hatua ya kwanza: Mkono huvimba mchana, na ukiinuliwa usiku hupungua. Ukiubonyeza kwa kidole, shimo hubaki kwa muda.

(c) Hatua ya pili: Kuuinua hakusaidii tena. Ngozi huanza kuwa ngumu, kwa sababu ndani yake nyuzinyuzi na mafuta vimeanza kujengeka.

(d) Hatua ya tatu: Mkono huwa mkubwa mno, ngozi hukakamaa na kuota mabaka kama gome la mti.

Tafadhali shika jambo hili, kwa sababu somo lote limelisimamia. Mwanzoni kinachojaza mkono ni maji. Baadaye ni mafuta na makovu. Maji yanaweza kutafutiwa njia, lakini mafuta hayawezi kutiririka. Kwa hivyo, upasuaji unaofaa leo huenda usifae baada ya miaka mitatu.

Kupima ni rahisi. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime mzunguko wa mikono yote miwili mahali palepale, kwa mfano juu na chini ya kiwiko. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi, ambayo haikuwapo awali, ni sababu ya kutosha ya kwenda hospitalini.

5. KABLA YA KISU

Matibabu ya kwanza si kisu. Ni mambo manne yanayofanywa pamoja: kuitunza ngozi, kuukanda mkono kwa namna ya pekee na polepole, kuufunga bendeji za kubana, na mazoezi. Ukandaji huo ulianzishwa na Emil Vodder, Mdenmaki aliyefanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930. Haufanani na kule kuchua kwa nguvu tunakokufanya mchezaji akiteguka uwanjani. Ni kuisukuma ngozi taratibu ili limfu ihamie sehemu ambayo njia bado zimefunguka. Mkono ukishapungua, mgonjwa huvaa soksi ya mkono inayobana.

Kuhusu mazoezi, zamani wagonjwa waliambiwa wasibebe chochote. Uchunguzi wa Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulifuatilia wanawake 141 wenye uvimbe huu. Walioinua vyuma, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole, uvimbe wao haukuzidi kuliko wa wale ambao hawakuinua. Nguvu zao ziliongezeka, na uvimbe uliwasumbua mara chache zaidi. Hii ni habari njema kwa mwanamke ambaye chakula chake hutoka katika jembe.

6. UPASUAJI: KUTOKA NYUZI ZA HARIRI HADI HADUBINI

Uvimbe huu umewasumbua wapasuaji kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1908, William Sampson Handley wa London alipitisha nyuzi za hariri chini ya ngozi ya mkono uliovimba, kutoka chini hadi begani, akitumaini kwamba limfu ingezifuata kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Wazo lilikuwa zuri, lakini nafuu haikudumu. Kuna pia upasuaji ulioelezwa mwaka wa 1912 na kuitwa kwa jina la Havelock Charles, daktari aliyehudumu Bara Hindi. Katika huo, ngozi na mafuta yote huondolewa mpaka kwenye utando wa misuli, kisha ngozi hupandikizwa juu. Huo ni upasuaji mkubwa wenye makovu mabaya. Hutumiwa zaidi kwa miguu iliyoharibika kabisa, mara chache sana kwa mkono.

Upasuaji wa siku hizi una matawi mawili.

TAWI LA KWANZA: KUIFUNGULIA LIMFU NJIA

(i) Kuunganisha kijifereji na vena. Mwaka wa 1977, Bernard O'Brien na wenzake wa Melbourne, Australia, walieleza jinsi walivyounganisha vijifereji vya limfu na vena za wagonjwa wao. Mwaka wa 2000, Isao Koshima wa Japani alieleza alivyofanya hivyo mkononi kwa mirija midogo zaidi, yenye upana usiofika milimita 0.8. Mpasuaji hufanya kazi akitazama katika hadubini, na uzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Kwanza rangi maalumu hudungwa kwenye ngozi. Ikimulikwa, inang'aa na kuonyesha vijifereji ambavyo bado vinafanya kazi. Kisha mpasuaji hupasua vijitundu vichache vya sentimita 2 au 3 na kuiunganisha mirija hiyo. Limfu hukoma kungoja njia ya kwapani, huingia katika vena pale pale mkononi.

Mtu wa Naivasha ataelewa haraka. Ziwa Naivasha nalo halina mto unaotoka, lakini maji yake ni baridi, hayana magadi kama ya Ziwa Nakuru. Siri yake ni kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake. Upasuaji huu huupa mkono njia kama hiyo ya chini kwa chini.

(ii) Kuhamisha tezi. Mpasuaji huchukua tezi chache za limfu pamoja na mishipa yake ya damu, mara nyingi kutoka kinenani, na kuzipanda kwapani au kwenye kiwiko. Mwaka wa 2006, Corinne Becker wa Paris na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 24 waliovimba mkono baada ya kuondolewa titi. Baada ya miaka 5 au zaidi, mikono 10 ilirudi kama kawaida, 12 ilipungua, na 2 haikubadilika. Hatari yake ni kwamba tezi zikichukuliwa vibaya, mguu nao unaweza kuvimba. Kwa hivyo si kazi ya kila mpasuaji.

Aina hizi mbili huwafaa zaidi walio katika hatua za mwanzo, ambao mikono yao bado imejaa maji kuliko mafuta.

TAWI LA PILI: KUPUNGUZA KILICHOJENGEKA

Ikiwa mkono umejaa mafuta, kufungua njia pekee hakutoshi. Tangu mwaka wa 1987, Håkan Brorson wa Malmö, Uswidi, amekuwa akiyafyonza mafuta hayo kwa mirija ya chuma inayopitishwa katika vijitundu vidogo vya ngozi. Mkono uliokuwa mzito huweza kurudi karibu sawa na mwenzake. Sharti ni kwamba maji yawe yamekwisha kupunguzwa kwa bendeji. Ukibonyeza na shimo kubwa likabaki, wakati wa kufyonza bado.

Sharti la pili ni zito zaidi. Baada ya upasuaji huu, mgonjwa huvaa soksi ya kubana mchana na usiku maisha yake yote. Brorson na mwenzake waliwaomba wagonjwa waivue soksi kwa juma moja tu, mwaka mmoja baada ya upasuaji. Mikono ilianza kufura tena, ikabidi soksi zirudishwe upesi.

KINGA

Waama, kinga ni bora kuliko tiba. Tangu miaka ya 1990, wapasuaji wamejifunza kuitafuta tezi ya kwanza inayopokea limfu ya titi. Mimi nimeiita tezi mlinzi. Wakiipima na kuikuta haina saratani, nyingine huachwa salama. Lakini ili hayo yawezekane, ugonjwa uwe umegunduliwa mapema. Wanawake wengi wa Kenya hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kusambaa, na hapo tezi nyingi haziponi kisu. Kwa hivyo, uvimbe wa mkono huanza kuzuiwa siku ile mwanamke anapokwenda kuonyesha kijivimbe cha titi kingali kidogo.

7. KUPASUA SI KUKATA

Sasa nisimulie jambo moja la nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Shangazi yangu hulima viazi upande wa Molo. Aliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, akapata nafuu, akarudi shambani. Mwaka wa pili, mkono ukaanza kujaa jioni. Alikwenda katika hospitali moja ambayo sitaitaja, akapewa barua ya kumwona mpasuaji. Barua ilikuwa ya Kiingereza, foleni ilikuwa ndefu, na aliyempa alikuwa na haraka. Shangazi alitoka na maneno mawili tu kichwani: "operesheni" na "mkono". Akaikunja barua, akaitia chini ya godoro.

Ilikaa huko miezi saba. Tulipomtembelea wakati wa likizo ya Agosti, aliniita jikoni watu wengine wakiwa nje, akaitoa.

"Mwanangu, wewe unasoma. Hebu nisomee polepole. Ni wapi wameandika watanikata mkono?"

Niliisoma mara mbili. Hapakuwa na kukatwa kokote. Iliandikwa kwamba mkono upimwe, ufungwe bendeji kwanza, kisha mpasuaji aangalie kama upasuaji utafaa.

"La, shangazi," nikamwambia. "Hawakati mkono. Wanataka kuutafutia maji njia."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miezi saba nimeuogopa mkono wangu mwenyewe."

Alikwenda juma lililofuata. Mkono uliokuwa ukipungua usiku ulikuwa umekwisha kuwa mgumu. Bado yuko kwenye bendeji na mazoezi, na umepungua kiasi. Kama atapasuliwa au la, itaamuliwa baadaye.

Msomaji, lugha yetu ina neno kupasua na ina neno kukata. Katika mazungumzo tunayachanganya. Tunasema "fulani alikatwa tumbo" tukimaanisha alifanyiwa upasuaji. Kwa tumbo hakuna anayetishika, kwa maana tumbo haliwezi kukatwa likatupwa. Lakini mwambie mkulima "utakatwa mkono" uone! Vilevile neno mshipa kwetu ni la damu, ni la fahamu, na wengine huliita hata lile busha la wanaume. Daktari akisema "mshipa umeziba", mgonjwa ataelewa upi? Ndiyo maana katika somo hili nimesema vijifereji vya limfu. Mtu hawezi kukubali wala kukataa matibabu ambayo hakuyaelewa.

8. MAISHA YA KILA SIKU

Mkono wenye uvimbe wa limfu, upasuliwe usipasuliwe, unahitaji mambo haya:

(a) Kuoshwa kwa maji na sabuni kila siku, kukaushwa hata katikati ya vidole, na kupakwa mafuta ili ngozi isipasuke.

(b) Kuvaa glavu wakati wa kupalilia, kukata kuni, au kufanya kazi penye miiba kama vile katika mashamba ya waridi ya Naivasha.

(c) Kuosha mara moja kila mchubuko. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

(d) Kutochanjwa wala kuchomwa kwa namna yoyote na waganga.

(e) Kufanya mazoezi na kazi kwa kiasi, ukiongeza uzito polepole.

(f) Kuvaa soksi ya kubana iliyopimwa na mtaalamu. Soksi iliyolegea haisaidii, na inayokaza kama kamba huumiza.

Swali ni, mtu aanzie wapi huku kwetu? Aanze kwa wale waliomtibu saratani, aulize kuhusu mkono bila haya, na aombe kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wazee wetu bado huiita PGH, ni mahali pa kuanzia kwa watu wa hapa. Wanaoshughulika na upasuaji wa namna hii ni wapasuaji wa kurekebisha viungo. Kazi yao si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957, watatu wa fani hiyo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ndio walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo inajulikana kama Amref.

HITIMISHO

Kwa ufupi, uvimbe wa limfu ni maji yaliyokosa njia. Haurogwi na hauambukizwi. Upasuaji unaweza kuyafungulia maji njia, au kuondoa mafuta yaliyojengeka, lakini haurudishi mkono katika siku ya kuzaliwa kwake. Baada ya kisu, sabuni, soksi na mazoezi huendelea. Tena kisu kina wakati wake. Anayekuja mapema hupata chaguo nyingi, na anayekuja amechelewa hupata chache. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ombi langu kwako, mwanafunzi mwenzangu, ni dogo. Nyumbani kwenu au kwa jirani, ikiwa kuna mama anayeuficha mkono wake ndani ya leso, usimcheke wala usimtazame kwa pembe ya jicho. Mwamkie, kisha umuulize kwa heshima kama ana barua ambayo angependa asomewe. Sisi tunaokwenda shule kutwa hurudi nyumbani kila jioni. Elimu nayo na irudi pamoja nasi.

MSAMIATI

Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo sana.
Kapilari: mirija myembamba kabisa ya damu.
Kinena: sehemu ya chini ya tumbo inapokutana na mapaja.
Limfu: maji yaliyotoka katika damu na kukusanywa na vijifereji.
Mtoki: uvimbe wa tezi kwenye kinena au kwapani.
Mtulinga: mfupa wa mbele unaounganisha bega na kifua.
Tezi mlinzi: tezi ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye titi.
Vena: mshipa unaorudisha damu moyoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza jinsi Ziwa Nakuru linavyofanana na mkono wenye uvimbe wa limfu. Ni wapi mfano huo haufai?
2. Kwa nini vidonge vya kukojoza havitibu uvimbe huu?
3. Toa tofauti mbili kati ya matende ya pwani na uvimbe unaofuata matibabu ya saratani ya titi.
4. Mgonjwa A mkono wake hupungua usiku. Mgonjwa B mkono wake ni mgumu na haupungui. Ni tawi gani la upasuaji linaloelekea kumfaa kila mmoja? Eleza sababu.
5. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya maneno kupasua na kukata.
6. Andika mazungumzo mafupi kati ya daktari na mkulima, daktari akieleza upasuaji wa kuunganisha kijifereji na vena bila kutumia neno hata moja la Kiingereza.